Milton, Kipofu Aliyekataa Kunyamaza

Leo nawaletea John Milton, aliyezaliwa London mwaka 1608. Wengi humjua kwa ushairi tu. Mimi nampendea msimamo wake.

Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa mwaka 1649, Milton alikubali kuiandikia serikali mpya barua za nchi za nje. Kufikia 1652 alikuwa kipofu kabisa, lakini kazi hakuiacha.

Kwake, raia mwema ni yule anayejitawala, anayesoma na kusema bila woga. Mwenzake Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha 1651, alishikilia kwamba raia mwema ni mtiifu, maana bila mtawala mwenye nguvu watu watamalizana. Heri nusu shari kuliko shari kamili, ama vipi?

Mwaka 1660, ufalme ukikaribia kurudi, Milton akatoa kijitabu kuupinga. Jamani, kipofu huyo! Vitabu vyake vikachomwa, naye akatiwa jela kwa muda. Alipotoka aliendelea kutunga mashairi. Alifariki mwaka 1674.

Hobbes aliogopa vita, na simlaumu. Lakini kiranja akilinyamazisha darasa zima, hapo namkumbuka Milton. Je, mwenzangu, wewe ungemfuata nani?