Spicer-Simson, afisa wa Ziwa Tanganyika aliyefinyangwa kwa udongo

Wakaaji wa Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma, huuona mlima Nyiragongo kila asubuhi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliufikia mwaka 1894. Baadaye Wajerumani waliipa jina lake meli yao kubwa ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ndiyo iliyotia doa sifa ya Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson.

Afisa huyo alizaliwa mwaka 1876 huko Tasmania, Australia. Novemba 1914, manowari yake Niger ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza, mwenyewe akiwa nchi kavu. Karibu mabaharia wote waliokolewa, lakini jina lake likaharibika.

Mwaka 1915 alipewa nafasi nyingine: kuleta maboti mawili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Tanganyika. Kuanzia Fungurume, ilipoishia reli, yalivutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupitia milima ya Mitumba. Mamia ya Wakongomani walifyeka njia, wakajenga madaraja na kuteka maji ya mashine hizo.

Tarehe 26 Desemba 1915, karibu na Kalemie ya leo, aliiteka meli Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 aliizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani walionusurika waliopolewa majini na kufanywa mateka. Waholoholo wa kandokando ya ziwa, waliozoea kumuona akivaa sketi, mwili umejaa chale, walifinyanga sanamu ndogo za udongo zenye umbo lake.

Kisha Götzen ikatokea, naye akakataa kuishambulia. Serikali yake ilimpa nishani, lakini hakukabidhiwa tena meli vitani. Baada ya vita alifanya kazi Monaco, katika ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba.

Sanamu za udongo zilikuwa za afisa peke yake. Lakini bila wale waliofyeka njia ya Mitumba, Mimi na Toutou zisingegusa kamwe maji ya Tanganyika.