Kivuli cha Lwanda Magere

Katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, liko jiwe ambalo wenyeji hulihesabu kuwa mwili wa mtu. Mtu huyo ni Lwanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho, aliyeishi kitambo kabla ya reli kulifikia ziwa mwaka 1901. Lwanda kwa Dholuo ni mwamba, na masimulizi yashikilia kwamba nyama yake ilikuwa mwamba kweli: mikuki ya Wanandi ilimgonga ikaanguka.

Kisa chenyewe chafahamika. Wanandi, walipochoka kuwazika vijana wao, walimpelekea binti mzuri kwa jina la amani. Wazee wa Kano walimwonya, naye akamwoa. Siku moja akaugua, mke wake wa kwanza asiwepo. Akamwagiza yule Mnandi achanje kivuli chake, si ngozi, kisha apake dawa. Kivuli kikatoka damu. Usiku bibi akatorokea kwao na siri hiyo, na vita viliporudi mkuki ulielekezwa kivulini. Shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Tangu Okoiti Omtatah akitungie kisa hiki tamthilia mwaka 1991, nimewasikia walimu wengi wakikifunga kwa onyo dhidi ya wanawake. Kwa maoni yangu tafsiri hiyo ni finyu. Fumo Liyongo wa pwani, ambaye naye hakudhurika ila kwa shaba kitovuni, aliuawa na mwanawe wa kumzaa, wala hatuwafundishi watu kuwaogopa wana wao. Tena tutazame mpangilio wa matukio. Kabla binti hajajua lolote, Magere alikuwa tayari hajiwezi. Mauti hayakuletwa na mke. Yalitangulia kupiga hodi kwa njia ya maradhi, yakamkuta mtu wa jiwe akiomba dawa kama mimi na wewe, msomaji. Na dawa ilipitia wapi? Palepale ulipopitia mkuki baadaye. Mwili usio na tundu la kufia hauna pia tundu la kuponea.

Mwanafunzi aulizaye vipi kivuli kitoke damu hana kosa, ila swali lake halifiki mbali. Mwaka 1957 Ingmar Bergman wa Uswidi alitoa filamu ambamo shujaa arudiye kutoka vitani anacheza sataranji na Mauti ufukweni. Wengi huitazama wakachanganyikiwa, lakini sijamwona adaiye athibitishiwe kwamba Mauti huijua sataranji. Huuliza mtu yule anafaidi nini kwa kuchelewesha mchezo. Kivuli nacho tukisome hivyo: ndicho kitu pekee cha Magere ambacho hakikuwa jiwe, na hakuweza kukivua wala kukikabidhi mtu amtunzie. Kano i karibu mno na ikweta. Adhuhuri kivuli hukaribia kutoweka chini ya nyayo, kisha alasiri hurefuka hadi asiyejua kulenga hakikosi. (Alipigwa saa ngapi? Zoezi hilo lafaa kidato chochote.)

Kuhusu lile jiwe, husimuliwa kwamba wawindaji walilinolea mikuki yao wakitafuta bahati ya mawindo. Walikuwa wakinoa, basi, juu ya kifua ambacho mkuki haukupata kukipenya.