Ibn al-Yasamin, Mwalimu Aliyeitia Aljebra katika Shairi

Miongoni mwa watu walioifanya elimu ya hesabu kuwa nyepesi kwa wanafunzi, marehemu Abu Muhammad Abdallah bin Muhammad bin Hajjaj anastahili kukumbukwa. Alikuwa mtu wa Fez, katika nchi ya Maghribi, wa ukoo wa Kiberberi. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi, na mwana alichukua rangi ya mamaye. Alichukua pia jina lake, kwani watu wote walimjua kwa jina la Ibn al-Yasamin, yaani mwana wa Yasmini.

Aljebra haikuanzia kwake. Karne zaidi ya tatu kabla yake, huko Baghdad, katika zama za Khalifa al-Mamun aliyetawala mwaka 813 hadi 833, al-Khwarizmi alikuwa ameandika kitabu cha al-jabr na al-muqabala, ili kiwafae watu katika mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Lakini kitabu kilihitaji karatasi na mwandishi wa kukinakili, na si kila mwanafunzi aliyeweza kukipata.

Ibn al-Yasamin alisoma hesabu, sheria na fasihi, akahudumu katika baraza la wafalme wa Muwahhidun huko Marrakesh. Kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu na hodari wa mashairi pia, aliziunganisha elimu hizo mbili. Alitunga shairi la aljebra katika bahari ya rajaz, lenye beti zinazopita 50 kidogo, na mwaka 1191 alilifundisha katika mji wa Sevilla, Andalusia.

Katika beti hizo chache alieleza mambo matatu ambayo aljebra huyazungukia: idadi, jidhri, na zao la jidhri ikizidishwa kwa nafsi yake. Kisha akaeleza aina sita za milinganyo na njia ya kufumbua kila moja. Mwanafunzi aliyelihifadhi shairi hilo alikuwa na kitabu kifuani, kisichoibiwa wala kuloa mvua.

Wanachuoni wa hesabu huiita idadi isiyojulikana kwa neno jepesi kabisa, nalo ni kitu. Hata mtoto wa Gisenyi aweza kuonyeshwa jambo hili kwa mafungu ya sambaza yatokayo Ziwa Kivu. Mama amekwenda sokoni na kitu cha mafungu. Ameuza 3, yamebaki 5. Ukiyarudisha yale 3 yaliyopungua, kitu kinatimia, nacho ni 8. Hiyo ndiyo al-jabr, neno litumikalo pia kwa kuunga mfupa uliovunjika.

Al-muqabala ni kuweka pande mbili mkabala, kama katika mizani. Upande mmoja pana mifuko miwili iliyo sawa na kilo 3. Upande wa pili pana mfuko mmoja kama hiyo na kilo 8, na mizani imetulia. Ukitoa mfuko mmoja na kilo 3 kila upande, mizani haiinami, na mfuko uliobaki unajulikana kuwa ni kilo 5. Mtoto hulitazama jambo hili kama kitendawili, hali ameshaingia katika mlango wa aljebra.

Ibn al-Yasamin aliuawa Marrakesh mwaka 1204. Shairi lake halikufa naye. Ibn al-Haim alilifanyia sharhe, na al-Qalasadi wa Andalusia vilevile, na Sibt al-Maridini, aliyekuwa mhesabu wa nyakati za Sala katika Msikiti wa Al-Azhar mjini Cairo, naye akaandika yake. Wanachuoni hao walijua kwamba kuhifadhi ni nusu ya safari, na nusu ya pili ni mwalimu kufafanua hata mwanafunzi afahamu.

Watoto wa Kiislamu wa Gisenyi wamezoea kuhifadhi tangu wakiwa wadogo chuoni. Kipaji hicho hicho, kikipata mwalimu mwenye subira na mifano ya nyumbani, chaweza kuwafikisha mbali katika hesabu. Mwana wa Yasmini, Mwafrika aliyejulikana kwa jina la mama yake, aliwafundisha watu wa Andalusia, na mpaka Misri wakasoma kazi yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.