Krapf na Majuma ya Kwanza ya Rabai

Miaka mingi iliyopita nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya sehemu za Merigi, huko Bomet, ambako vilima vimevikwa chai na ukungu hauondoki mpaka jua liwe limepanda sana. Mimi ni mzaliwa wa Rabai, mwana wa minazi na joto. Katika majuma yale ya kwanza maneno yangu ya Kikipsigis yalikuwa mawili tu: chamgei, ambalo ni salamu, na mursik, ambayo ni maziwa niliyoshindwa kuyanywa mbele ya wenyeji wangu. Watoto walinicheka kila nilipofungua kinywa. Mwezi haujaisha, nilikuwa tayari nimeandika barua ya kuomba uhamisho, nikaitia katika droo ya meza nikisubiri siku ya kwenda mjini.

Katika hali hiyo ndipo nilipofikia somo la historia linalomhusu Johann Ludwig Krapf. Kitabu cha darasani kilimpa sentensi mbili au tatu: alikuja mwaka wa 1844, akajenga misheni Rabai, akauona Mlima Kenya. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma akauliza ni watu wangapi waliobatizwa na Krapf katika mwaka wake wa kwanza hapo Rabai. Nikajibu kwamba hakubatizwa hata mmoja. Darasa likaangua kicheko. Akauliza tena, kwa adabu kabisa, kwa nini basi tulazimishwe kulikariri jina lake. Nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu la maana.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen huko Ujerumani, nyumbani kwa mkulima. Akiwa mtoto alipigwa na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi, na kitandani ndipo alipoanza kuisoma Biblia kwa bidii. Alisomea Basel, kisha akachukuliwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilichompeleka Ethiopia mwaka wa 1837. Huko alihangaika kwa miaka kadhaa, akajifunza Kioromo, na mwishowe akafungiwa milango. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa safarini nyikani akafa papo hapo. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alishuka na mwambao pamoja na mkewe Rosine, na Januari 1844 akatua Unguja.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka ni kwamba mlango wa pwani alifunguliwa na Waislamu. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, ndiye aliyempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Huko Mombasa, kadhi wa mji alikaa naye akamsaidia kukielewa Kiswahili, na mwezi wa Juni mwaka ule ule kazi ya kukitafsiri kitabu cha Mwanzo ikaanza. Msomaji na afikirie: mchungaji wa Kikristo asiyeipenda dini ya wenyeji wake, na kadhi anayejua fika mgeni huyu amefuata nini, wameinamia karatasi moja wakitafuta neno linalofaa. Historia yetu ina mambo ya namna hii, lakini mitihani haiyaulizi.

Mwezi uliofuata Krapf aliachwa peke yake. Rosine alijifungua mtoto wa kike huku homa imewashika yeye na mumewe kwa pamoja. Alifariki tarehe 13 Julai 1844, na kitoto kikamfuata siku mbili baadaye. Mama huyo alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, na kaburi lake liko ng'ambo ya Mombasa, upande wa Nyali. Nimelizuru mara mbili, na mara zote mbili hapakuwa na mtu mwingine.

Kwa karibu miaka miwili Krapf aliishi Mombasa akikusanya maneno. Mwezi wa Juni 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana Mjerumani ambaye hakukaa siku nyingi kabla ya kulazwa na homa. Wakapanda Rabai kuonana na wazee wa kaya, nao wazee wakawaruhusu kujenga bila ubishi mwingi. Napenda wanafunzi wangu walikumbuke hilo. Misheni ile haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuingia kwa mizinga. Iliingia kwa idhini ya wazee wa Kirabai, waliokuwa na uwezo kamili wa kukataa.

Kuhama kwenyewe kulifanyika mwishoni mwa Agosti, na hakukuwa na fahari yoyote. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana, huyu akipanda na yule akijikokota, na mlima wa Rabai si mteremko. Nyumba waliyoikuta ilikuwa haijakwisha. Mafundi waliokubaliana nao walikuja siku wapendazo, kisha wakaacha kuja, ikabidi wageni washike udongo na makuti kwa mikono yao, leo mmoja akiwa na nguvu, kesho ana homa. Mvua nayo haikuwangojea.

Walipopata nafuu wakajenga na kibanda cha ibada. Waliona vigumu kuwaeleza watu Jumapili ni siku gani, kwa kuwa Warabai walikuwa na hesabu yao ya juma, yenye siku nne, ambayo mpaka leo wazee wetu wanaijua. Basi wageni wakaamua kuionyesha kwa vitendo: walivaa nguo safi, hawakununua kitu, hawakufanya kazi, na bunduki ililia kuwatangazia watu. Katika ibada ya kwanza walifika watu wachache. Baada ya mahubiri mmoja wao akataka kujua watapewa chakula gani iwapo wataendelea kuhudhuria, maana kwa kawaida ya mila hakuna sadaka isiyokuwa na wali, nyama na tembo.

Krapf alihuzunika, na katika maandishi yake aliwahukumu Warabai kwa ukali, akiwaona walevi na watu wa tumbo. Hapa mimi simtetei. Mrabai yule aliuliza swali la busara kabisa. Katika kaya, ibada na karamu vilikuwa kitu kimoja, na mtu akikuita kwake bila kukukirimu, ndiye mwenye kasoro. Krapf alikuja akiwa na sikio kali la lugha, lakini hakuwa na sikio kama hilo la desturi. Alijua neno wanalolitumia kwa koma wa wahenga, asijue kwa nini wanazitunza.

Aliyewasikiliza hatimaye alikuwa Mringe, mtu mlemavu ambaye hakuwa na cheo katika kaya. Alibatizwa mwaka wa 1851 akiwa katika kitanda cha mauti. Miaka mitano ya kazi, na Mkristo mmoja, naye anakufa! Johannes Wagner, aliyeletwa kuongeza nguvu mwaka wa 1849, alikufa kwa homa wiki chache tu baada ya kufika.

Safari zake sitazirefusha, kwa kuwa hizo ndizo zinazokaririwa. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, nao mabwana wa jiografia walioketi London wakawabeza. Mwaka wa 1851 mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, aliuawa wakiwa safarini pamoja, na Krapf akarudi mbio porini peke yake akiwa na njaa na kiu. Mwaka wa 1853 afya ilimshinda akaondoka. Alirejea mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti walioanza kazi Ribe, kisha akaenda zake Kornthal, Ujerumani, alikofariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata.

Mpango wake mkubwa ulikuwa kujenga mlolongo wa misheni kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Haukutimia maishani mwake. Waliofuata walifika huku kwetu Kericho kwa reli ya Waingereza: Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha misheni yake ya Lumbwa mwaka wa 1905, na kutokana na kazi hiyo ndiko baadaye kulikotokea Tenwek, ambayo watu wa Merigi huijua zaidi kwa hospitali yake. Kwa hiyo reli, utawala na mahubiri viliandamana, na mwalimu anayewaficha wanafunzi jambo hilo anawadanganya.

Lakini kuna sarufi yake ya mwaka wa 1850, na kuna uamuzi wake wa kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi katika zama ambazo wenyewe walikiandika kwa za Kiarabu. Kimvita alichokisikia Mombasa hakikuchaguliwa katika usanifishaji. Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi. Hata hivyo, ni nani kati yetu anayeshika chaki asiyekanyaga njia aliyoanza kuilima mtu yule, akiwa na homa, na kadhi pembeni yake?

Niliyasoma haya jioni moja ya baridi. Kesho yake nilimwomba kogo mmoja, jirani yangu mzee, anifundishe maneno matano kila siku, nami nikawa ninamchanjia kuni. Alinisahihisha bila huruma. Muhula uliofuata nilimwita yule mvulana wa nyuma nikamsimulia habari za Rosine, punda, na swali la wali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia swali lile la wali naye angeliuliza.

Barua ya uhamisho sikuipeleka. Nilikaa Merigi miaka kumi na mmoja, na mursik sasa nainywa.