Sven Hedin na Wapiga Kasia Wake

Sisi tunaosoma Jiografia tukitajiwa wasafiri wa zamani, vichwa vinakwenda moja kwa moja kwa Livingstone, Stanley na Speke. Leo nataka niwapeleke mbali kidogo, hadi Tibet, kwa Mswidi mmoja aliyeitwa Sven Hedin. Huyu bwana alipiga kasia na kupima kina cha ziwa ambalo uso wa maji yake uko juu kidogo kuliko kilele cha Mlima Meru wetu. Nimemsoma muhula mzima, na bado sijui kama nimpende au nimchukie. Ndiyo maana naandika.

Alizaliwa Stockholm tarehe 19 Februari 1865. Akiwa na miaka 15 alishuhudia meli ya Vega ikirudi bandarini, baada ya Nordenskiöld kupita kaskazini mwa Ulaya na Asia yote. Mji mzima uliwashwa taa. Kijana akaamua hapohapo kwamba na yeye atakuwa msafiri. Alisoma Uppsala, kisha Berlin kwa Profesa Ferdinand von Richthofen, na mwaka 1892 akapata udaktari wake Halle. Lakini darasani hakukalika. Kabla hata ya kufika Uppsala alikuwa ameshafundisha watoto wa watu kule Baku, na akapanda farasi kuizunguka Uajemi.

Mwaka 1894 alikuwa kwenye milima ya Pamir, kando ya ziwa dogo liitwalo Kara-kul. Alitaka kujua kina chake, ila boti hakuna, na miti ya kuchongea mtumbwi hakuna. Basi akaunda chombo kwa miti ya hema na ngozi ya farasi, akafunga viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyojazwa hewa ili kisizame. Wakirgizi wenyeji wa pale walikiangalia kwa mashaka makubwa, na kwa kweli walikuwa na haki. Lakini kilielea, na kina kikapimwa.

Mwaka uliofuata aliingia jangwa la Taklamakan akiwa na maji yasiyotosha. Wenzake wawili wakafa kwa kiu. Yeye alitambaa mpaka kwenye dimbwi la mto, akanywa, kisha akajaza maji kwenye viatu vyake vya buti na kurudi nayo kwa Kasim, mtumishi wake aliyekuwa amelala mchangani akisubiri kufa. Kasim akapona. Hadithi ya viatu ndiyo watu wengi wanaikumbuka. Wale wawili waliobaki jangwani hawatajwi sana.

Sasa tuje kwenye maziwa ya Tibet. Mwaka 1906 serikali ya Uingereza ilimkatalia kupita India kuingia Tibet. Akatoa maelezo kwamba anaelekea Turkestani ya Mashariki, akaondoka Leh, mji wa Ladakh, na msafara mkubwa, na mbele ya safari akageuza njia. Mizigo yake ilikuwa na boti ya kukunja. Ilikuwa ya turubai, vipande viwili vinavyounganishwa, na mnyama mmoja aliweza kuibeba. Ukiiona leo ungesema ni ndugu wa kayaki: nyepesi, fupi, na wimbi likija upande mbaya imekwisha.

Kupiga kasia huko juu si kama kupiga kasia Kigamboni. Kwenye mita 4,600 hivi, kila pumzi inabeba oksijeni kama nusu na kidogo ya ile ya pwani. Ukivuta makasia kwa nguvu dakika chache moyo unagonga kama ngoma. Maji ni ya theluji na barafu iliyoyeyuka, kwa hiyo ukitumbukia, vidole vinakufa ganzi kabla hujaomba msaada. Na jua likishachoma uwanda, upepo unaamka ghafla. Ziwa linaloonekana kama kioo asubuhi, mchana linaweza kuwa bahari.

Katika ziwa moja lililo karibu mita 5,000, Hedin alikutwa na dhoruba usiku akiwa na mpiga kasia wake, Rahim Ali, Mwislamu wa msafara wa Ladakh. Wakatupwa ufukweni wamelowa, baridi ikiwa chini ya sifuri na nguo zikigeuka barafu mwilini. Walichoma mbao walizokuwa nazo kwenye vifaa vya boti ili wapate moto kidogo. Asubuhi iliwakuta hai, basi.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Manasarovar, mwaka 1907. Ziwa hili liko chini ya Mlima Kailash, na ni takatifu kwa Wahindu na kwa wafuasi wa Budha. Mahujaji hulizunguka kwa miguu. Watibeti walimwonya kwamba mungu wa ziwa hatakubali, na kwamba boti haitafika katikati. Mwishoni mwa Julai, usiku, upepo ukiwa umelala, Hedin aliingia majini na watu wawili, Shukur Ali na Rahim Ali. Wao walivuta makasia, yeye akashika usukani, taa, saa na daftari. Kila baada ya muda walisimama, akateremsha bildi, akaandika kina na joto la maji. Waliendelea hivyo usiku kucha na sehemu ya siku iliyofuata mpaka ng'ambo. Kina kikubwa alichokipata ni zaidi kidogo ya mita 80.

Hebu fikiria hesabu ya usiku ule. Namba zilizoingia kwenye daftari zilikuwa za mtu mmoja. Nguvu zilizoivusha boti kutoka namba moja kwenda nyingine zilikuwa za wawili wengine, kwenye hewa nyembamba, juu ya maji ambayo wenyeji wote walisema yatawameza. Kwa haki ya Hedin niseme: alitaja majina yao kwenye vitabu vyake, tena alichora picha za watu wengi wa misafara yake. Kosa si lake peke yake. Sisi wasomaji ndio tunaofika kwenye jina la mwenye kitabu tukaona tumemaliza.

Hili si geni kwetu. Speke alipoliona Ziwa Nyanza mwaka 1858 alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India. Bombay alitembea na Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron. Chama cha Kijiografia cha London kilimpa medali ya fedha mwaka 1876, na miaka ya baadaye chama hichohicho kikampa Hedin medali zake. Uliza darasa lolote la mwaka wa kwanza nani ni Speke, halafu uliza nani ni Bombay. Utapata jibu lako.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha ya Hedin hayakuishia hapo. Umaarufu ulimfanya rafiki wa wafalme, na katika Vita Kuu ya Kwanza akasimama wazi upande wa Ujerumani. London wakamfuta uanachama. Uzeeni akawa mtu wa Hitler. Alikutana naye zaidi ya mara moja, alihutubia kwenye Olimpiki ya Berlin ya 1936, na hata Hitler alipokufa mwaka 1945 aliandika kumsifu. Na huyu ni mtu ambaye babu yake mmoja wa mbali alikuwa Myahudi, na mwenyewe alijua. Ni kweli pia kwamba alikataa kufuta sehemu za kitabu chake zilizowakera Wanazi, na kwamba aliwaombea Wanorwei kumi waliohukumiwa kifo, wakaachwa hai. Lakini kuokoa kumi hakufuti kumpamba muuaji wa mamilioni.

Kuna wenzangu wanasema sayansi ni sayansi, siasa zake zituhusu nini? Mita 80 ni mita 80. Nakubali kuhusu mita. Kuhusu mtu sikubali. Aliyeweza kusimama usiku katikati ya ziwa, akakataa kuamini uvumi wa ufukweni mpaka ateremshe bildi mwenyewe, alipofika Berlin aliamini alichoonyeshwa na wenyeji wake. Ujasiri wa mwili na ukali wa kupima havikumfundisha kuuliza anayemkaribisha ni nani.

Kwa hiyo nasema tumsome, ila tumsome mzima: viatu vya maji na wale wawili waliokufa, bildi na wapiga kasia, medali na Berlin. Na sisi tunaokwenda fildi kila mwaka tuanzie kwetu. Yule mzee anayetuonyesha njia ya ziwa, yule kijana anayeshika kamba tukipima, jina lake liingie kwenye ripoti, tena ndani, pale tunapoeleza kazi ilivyofanyika. Si lazima wino mwingi. Rahim Ali anachukua maneno mawili tu.