Maisha ya Jean Piaget, Aliyechunguza Jinsi Akili ya Mtoto Inavyokua

Katika nchi ya Uswisi, penye milima mirefu na maziwa mengi, upo mji uitwao Neuchâtel, uliojengwa kando ya ziwa. Humo alizaliwa Jean Piaget, siku ya 9 Agosti 1896. Baba yake, Arthur Piaget, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mchunguzi wa maandiko ya kale, mtu asiyekubali neno lisilo na ushuhuda. Mama yake, Rebecca Jackson, alikuwa mwenye akili na wema, lakini alisumbuliwa na maradhi ya mawazo, na amani ya nyumba ilivurugika mara nyingi. Kwa sababu hiyo Jean aliacha michezo ya kitoto mapema, akakimbilia kazi na masomo, akifuata nyayo za baba yake.

Nyumbani kwao ilisimuliwa habari moja ya kutisha. Ilisemwa kwamba Jean alipokuwa na miaka 2 hivi, yaya alimtembeza katika kigari chake kwenye njia kubwa ya Champs-Élysées mjini Paris. Hapo mtu mmoja alitaka kumwiba mtoto. Yaya akamzuia kwa ushujaa hata akakwaruzwa usoni, kisha askari akatokea na yule mwizi akakimbia. Wazazi wakamzawadia yaya saa. Jean alikua akiyaona mambo hayo moyoni mwake kana kwamba yalitukia jana: mikwaruzo ya yaya, watu waliokusanyika, kirungu cheupe cha askari. Lakini alipokuwa na miaka 15 hivi, yaya yule, ambaye sasa alikuwa ameingia Jeshi la Wokovu, aliandika barua akaungama kwamba habari ile yote aliitunga mwenyewe. Akairudisha na saa. Basi Jean akajifunza neno ambalo hakulisahau tena: akili ya mtoto si sanduku la kuwekea vitu tu. Akili hujenga, na pengine hujenga ukumbusho mzima kwa maneno iliyoyasikia.

Tangu utoto alipenda kuangalia viumbe. Mwaka 1907, akiwa na miaka 10 tu, alimwona bustanini shomoro zeruzeru, akaandika habari zake katika ukurasa mmoja, nazo zikachapwa katika gazeti dogo la wapenzi wa viumbe. Kisha akamwomba mzee Paul Godet, mkuu wa nyumba ya makumbusho ya Neuchâtel, ruhusa ya kujifunza kwake. Mzee akamkubali, akamfundisha kupanga makoa ya konokono na kuyabandika majina. Mzee Godet alipofariki mwaka 1911, kijana alikuwa ameelimika hata akaanza kuchapa maandishi yake juu ya konokono. Wataalamu wa mbali waliyasoma wasijue kwamba mwandishi ni mwanafunzi wa shule. Mmoja wao, huko Geneva, alimwita awe mtunzaji wa makoa katika makumbusho yake. Jean akajibu kwamba hawezi, kwa kuwa hajamaliza masomo.

Mwaka 1918 alipata shahada ya udaktari wa elimu ya viumbe katika chuo kikuu cha Neuchâtel. Lakini moyoni alikuwa na swali jingine kubwa kuliko la konokono: mwanadamu hupataje kujua? Mtoto mchanga hajui kuhesabu wala kupima wala kutoa hoja. Mtu mzima hujua hayo yote. Njia iliyo katikati ya hao wawili ni ipi?

Mwaka 1919 akaenda Paris. Huko Théodore Simon alimpa kazi ya kuwapima watoto wa shule kwa maswali ya kufikiri yaliyotungwa Uingereza. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu majibu yaliyo sawa na yaliyokosa, wala Piaget hakuifurahia mwanzoni. Lakini punde akaona jambo ambalo wengine walilipita. Watoto wa umri mmoja walikosa kwa namna moja. Makosa yao hayakuwa ya ovyo; yalikuwa na utaratibu wao. Basi akaacha kuhesabu makosa, akaanza kuwauliza watoto sababu. Aliketi nao, akaongea nao kwa upole, akifuata kila jibu kwa swali lingine, hata aone mzizi wa wazo.

Habari za kazi hiyo zikamfikia Édouard Claparède, aliyekuwa mwanzilishi wa shule moja ya elimu ya malezi huko Geneva, iitwayo Institut Jean-Jacques Rousseau. Mwaka 1921 akamwita Piaget aongoze uchunguzi. Mwaka 1923 Piaget alichapa kitabu chake cha kwanza juu ya usemi na mawazo ya mtoto, na mwaka ule ule akamwoa Valentine Châtenay, aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Walipata watoto watatu: Jacqueline mwaka 1925, Lucienne mwaka 1927, na Laurent mwaka 1931. Wazazi hao wawili waliwaangalia watoto wao siku kwa siku, wakaandika walivyonyonya, walivyoshika vitu, walivyocheza.

Siku moja Piaget alificha mnyororo wa saa katika kisanduku cha kiberiti, akaacha mwanya mdogo. Lucienne alikuwa na umri wa miezi 16. Alijaribu kuingiza kidole, asiweze. Kisha akatulia, akautazama ule mwanya, akafungua kinywa chake kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi. Halafu akatia kidole katika mwanya, akavuta, akakifungua kisanduku na kuutwaa mnyororo. Mtoto hakuwa bado na maneno ya kujiambia la kufanya. Alifikiri kwa kinywa chake. Baba yake akatambua kwamba kufikiri huanzia katika mwili na matendo, kabla ya maneno.

Kwa kazi ya miaka mingi Piaget aliona kwamba akili hupanda kama mtu apandaye ngazi: hafiki juu pasipo kukanyaga vidato vya chini. Akavitaja vidato vinne.

Kidato cha kwanza ni tangu kuzaliwa hata miaka 2 hivi. Mtoto hujua kwa kuona, kushika na kutia kinywani. Ukifunika kitu cha kuchezea mbele ya mtoto wa miezi michache, hakitafuti. Baadaye huinua kitambaa, kwa maana amejua kwamba kitu kisichoonekana kingali kipo.

Kidato cha pili ni hata miaka 7 hivi. Mtoto husema na kuiga, lakini hushikwa na lile aonalo kwanza. Mimina maji sawasawa katika vyombo viwili vinavyofanana, naye atakubali kwamba ni sawa. Kisha, mbele ya macho yake, mimina ya chombo kimoja katika chombo chembamba kirefu. Atasema maji yamezidi, kwa sababu yamepanda juu. Tena, mtoto wa umri huo huonyeshwa shanga za mti, nyingi za hudhurungi na mbili nyeupe, akaulizwa zilizo nyingi zaidi ni zipi, za mti au za hudhurungi. Hujibu za hudhurungi. Hawezi bado kushika fungu na jumla kwa pamoja.

Kidato cha tatu ni tangu miaka 7 hata 11 hivi. Sasa mtoto hujibu kwamba maji ni yale yale, kwa kuwa hakuna aliyeongeza wala kupunguza, na yakirudishwa yatakuwa kama mwanzo. Hiyo ndiyo mantiki, yaani hoja inayofuata hoja bila kupingana. Lakini mtoto huyu huhitaji bado kuwa na vitu mbele yake.

Kidato cha nne huanza miaka 11 au 12. Piaget na msaidizi wake Bärbel Inhelder walieleza habari zake katika kitabu cha mwaka 1955. Waliwapa watoto na vijana kamba iliyofungwa jiwe, iningʼiniayo na kwenda huku na huku, wakawauliza ni nini kinachoifanya iende upesi au polepole. Je, ni uzito wa jiwe, urefu wa kamba, mahali ilipoachiwa, au nguvu ya kusukuma? Mtoto wa miaka 8 hubadili kamba na jiwe kwa mara moja, asijue kipi kilicholeta tofauti. Kijana hubadili kimoja tu na kuyaacha mengine kama yalivyo. Ndipo anapoona kwamba ni urefu wa kamba peke yake. Kijana huyu aweza kufikiri juu ya yasiyokuwapo, akisema moyoni kwamba kama hili ni kweli, basi na lile lazima lifuate. Kwa sababu hiyo vijana hupenda kubishana na wazee wao: wamepata jembe jipya, nao hulijaribu katika kila shamba.

Piaget alichunguza pia jinsi mtoto anavyohukumu mema na mabaya, akachapa habari hizo mwaka 1932. Aliwasimulia watoto habari ya mtoto aliyefungua mlango akavunja vikombe 15 pasipo kujua kwamba vipo nyuma yake, na ya mwingine aliyevunja kikombe kimoja alipokuwa akiiba vitamu kabatini. Wadogo wengi walisema aliyevunja 15 ndiye mwenye kosa kubwa, kwa maana walihesabu vikombe. Wakubwa walitazama nia ya moyo. Hapa msomaji ajiulize: ni mara ngapi mtu mzima naye humpiga mtoto kwa thamani ya chungu kilichovunjika, wala si kwa nia ya aliyekivunja?

Piaget alifundisha Neuchâtel, Geneva na Paris, akaongoza ofisi ya mataifa ya elimu huko Geneva kwa miaka karibu 40, akaandika vitabu zaidi ya 50. Alijulikana kwa kofia yake ya beret, kiko na baisikeli.

Si maneno yake yote yaliyosimama bila kusahihishwa. Mrusi Lev Vygotsky alionyesha kwamba mazungumzo na wakubwa huikuza akili kuliko Piaget alivyodhani. Mwaka 1966 Patricia Greenfield wa Marekani alichapa habari za watoto Wawolofu wa Senegal. Mgeni alipomimina maji, watoto wengi wasiosoma shule walisema yamebadilika, kana kwamba yeye aliyageuza kwa uwezo wake. Walipomimina wao wenyewe, wengi zaidi walijibu vyema. Basi namna ya kuuliza nayo huzaa kosa. Mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake waliona kwamba hata mtoto wa miezi 5 hushangaa kitu kilichofichwa kikionekana kama hakipo tena. Piaget mwenyewe, mwaka 1972, alikubali kwamba si watu wote hufikia kidato cha nne kwa umri mmoja, na kwamba mtu aweza kutoa hoja barabara katika kazi aliyoizoea, kama fundi katika ufundi wake, ingawa katika mambo mageni hushindwa.

Alifariki Geneva siku ya 16 Septemba 1980, akiwa na miaka 84, akazikwa huko huko.

Lililobaki katika kazi yake ni hili. Mtoto anayekosa si lazima awe mjinga wala mkaidi. Huenda anajenga, na jengo halijafika paa. Anayempiga kwa kosa hilo humfundisha kunyamaza tu; na anayempa jibu tupu humfundisha kukariri. Lakini anayemwuliza sababu, akampa maji amimine kwa mikono yake, na kumngojea, humsaidia kupanda kidato kinachofuata. Wazazi na walimu wakumbuke kwamba elimu hiyo yote ilianza siku mtu mmoja alipoacha kuhesabu makosa ya watoto, akaanza kuwasikiliza.