Tilman Riemenschneider: Mchonga Sanamu wa Nchi ya Mizabibu



Wapendwa waamini, mtu anayefuata Mto Main kaskazini mwa jimbo la Bavaria, nchini Ujerumani, huona mizabibu imepandwa safu kwa safu kwenye miteremko ya vilima, kuanzia kingo za mto hadi juu. Nchi hiyo huitwa Franken, na mji wake mkuu wa kale ni Würzburg. Divai yake ilijaza vikombe vya altare na kuwalisha wakulima. Iliwatunza pia wagonjwa, kwa kuwa hospitali ya wananchi iliyoanzishwa mjini hapo mwaka 1316 imepata mapato kutoka katika mashamba ya mizabibu kwa karne nyingi. Humo aliishi fundi ambaye mikono yake imewafundisha watu Injili kwa zaidi ya miaka 500: Tilman Riemenschneider.

Tilman alizaliwa yapata mwaka 1460 huko Heiligenstadt, nje ya Franken. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Osterode, ambako baba yake alisimamia kiwanda cha kutengeneza sarafu. Amjomba wake, au tuseme ndugu wa ukoo wake, alikuwa mtumishi wa Askofu wa Würzburg katika mambo ya sheria na fedha, na huenda ndiye aliyemfungulia njia ya kufika katika mji huo. Mwaka 1483 Tilman alipokelewa Würzburg katika chama cha mafundi kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Luka, ambamo wachoraji, wachongaji na mafundi wa vioo walikaa pamoja. Miaka miwili baadaye alimwoa Anna Schmidt, mjane wa mfua dhahabu, aliyekuwa na watoto watatu wa kiume. Kwa ndoa hiyo akapata uraia wa mji, cheo cha fundi mkuu, na nyumba yenye nafasi ya karakana. Kifo kilimtembelea mara kwa mara. Alifiwa na mke zaidi ya mara moja, na katika maisha yake alifunga ndoa mara nne.

Karakana yake ilikua haraka. Wanagenzi walikuja kujifunza kwake, na maagizo yalitoka parokiani, kwa watawa na kwa mabaraza ya miji. Tilman alichonga mawe, lakini wengi humkumbuka kwa kazi zake za mti wa Linde, ambao mbao zake ni laini na zenye nyuzi ndogo zinazotii patasi. Desturi ya wakati ule ilikuwa kufunika sanamu za mti kwa rangi na dhahabu. Mwaka 1490 alipewa kazi ya altare ya Mtakatifu Maria Magdalena katika mji wa Münnerstadt, naye akaiacha mbao ionekane ilivyo, bila rangi nyingi. Uzuri ulipaswa kutoka katika uso wenyewe, katika mikunjo ya vazi na katika mishipa ya mkono. Watu wa mji hawakuridhika kwa muda mrefu, na baadaye wakamwita fundi mwingine mashuhuri, Veit Stoss, aipake rangi. Hata hivyo Tilman hakuiacha njia yake.

Tunda kubwa la njia hiyo liko Rothenburg, juu ya bonde la Mto Tauber, katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo. Hapo, kati ya mwaka 1501 na 1505, alichonga sanamu za Altare ya Damu Takatifu, iliyojengwa kutunza masalia ambayo waamini waliyaheshimu kuwa ni tone la Damu ya Bwana. Katikati ya altare hiyo ipo Karamu ya Mwisho. Nyuma ya Mitume kuna vidirisha vya vioo, na mwanga wa jua unaobadilika saa baada ya saa huwafanya waonekane kama wanapumua. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba aliyesimama katikati ni Yuda Iskariote, akiwa na mfuko wa fedha mkononi, na Yesu anamnyoshea tonge. Bwana hamfukuzi mezani. Kila anayepiga magoti mbele ya altare ile analazimika kujiuliza mfuko wake mwenyewe umebeba nini, kabla ya kuunyosha mkono kupokea Ekaristi.

Karibu na hapo, Creglingen, alichonga altare ya Bikira Maria akipalizwa mbinguni. Huko Bamberg alitengeneza kaburi la Kaisari Mtakatifu Henriki na mkewe Mtakatifu Kunegunda, kazi iliyokamilika mwaka 1513. Na juu ya kilima kilichozungukwa na mizabibu, karibu na mji wa Volkach, lipo kanisa la hija liitwalo Maria wa Shamba la Mizabibu. Ndani yake imetundikwa sanamu yake ya Mama wa Mungu ndani ya duara la Rozari, aliyoichonga uzeeni. Mwaka 1962 wezi waliiiba, na ikarudishwa baada ya gazeti moja kulipa fedha nyingi. Wakulima wa zabibu wangali wanapanda kilima hicho kusali.

Tilman hakuwa mtu wa karakana tu. Alikuwa tajiri, mwenye nyumba na mashamba ya mizabibu. Mwaka 1504 aliingia katika baraza la mji, na mwaka 1520 akawa meya. Na hapa, wapendwa, maisha yake yanagusana na jeraha ambalo Kanisa halipaswi kulificha.

Askofu wa Würzburg katika zama zile alishika fimbo ya mchungaji na upanga wa mtawala kwa pamoja. Alikusanya kodi, aliamuru majeshi, na aliishi katika ngome ya Marienberg, ng'ambo ya mto, ambayo hata leo inasimama juu ya miteremko ya mizabibu. Tilman aliwatumikia maaskofu hao kwa uaminifu. Alichonga kaburi la Askofu Rudolf von Scherenberg katika Kanisa Kuu, akiuonyesha uso wa mzee yule pamoja na makunyanzi yake yote, bila kumbembeleza. Kisha akachonga kaburi la mrithi wake, Lorenz von Bibra. Askofu wa tatu, Konrad von Thüngen, ndiye aliyemtia gerezani.

Mwaka 1525 wakulima wa sehemu nyingi za Ujerumani waliinuka. Walikuwa wameelemewa na kodi, kazi za lazima na utumwa wa ardhi. Waliomba haki ya kutumia misitu na mito, zaka iliyo ya haki, na mchungaji atakayewahubiria Injili. Madai yao mengi yalikuwa ya haki, ingawa baadhi yao walichoma nyumba za watawa na ngome, na damu ilimwagika. Askofu alipotaka mji umsaidie dhidi ya wakulima, baraza la Würzburg, Tilman akiwa miongoni mwao, lilikataa. Mwezi Mei wakulima waliishambulia ngome ya Marienberg wakashindwa. Mwanzoni mwa Juni majeshi ya watawala yaliwaangamiza mashambani kusini mwa mji, na Askofu akarudi Würzburg akiwa mshindi. Hukumu za kifo zikafuata.

Mzee Tilman, aliyekuwa na umri wa miaka sitini na kitu, alifungwa katika ngome ile ile, akahojiwa kwa mateso, na sehemu ya mali yake ikachukuliwa. Baada ya miezi miwili hivi aliachiliwa. Zipo hadithi zisemazo kwamba watesaji waliivunja mikono yake asichonge tena. Kumbukumbu za wakati ule hazithibitishi jambo hilo, na tunajua kwamba mwaka 1527 alitengeneza altare iliyoharibiwa vitani katika nyumba ya masista Wabenediktini huko Kitzingen. Lakini maagizo makubwa hayakumjia tena. Kazi yake ya mwisho tunayoijua ni kukarabati kile ambacho vita ilikuwa imekivunja.

Alifariki tarehe 7 Julai 1531, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Kiliani, mmisionari na mfiadini, msimamizi wa Franken na wa wakulima wake wa mizabibu, ambaye Tilman alikuwa ameichonga sanamu yake kwa ajili ya Kanisa Kuu. Mwanawe Jörg, mchongaji pia, alimtengenezea jiwe la kaburi. Kisha akasahauliwa kwa karibu miaka 300, hadi jiwe hilo lilipopatikana mwaka 1822 na watu wakaanza tena kuuliza alikuwa nani.

Sisi tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka. Jimbo la Würzburg lina udugu wa miaka mingi na Jimbo letu la Kitanzania la Mbinga. Karibu na Volkach iko abasia ya Münsterschwarzach, ambako walitoka baadhi ya Wabenediktini wamisionari waliofika Peramiho na Ndanda. Huenda baadhi ya wamonaki waliotubatizia babu zetu walikuwa wamekwisha kusali mbele ya sanamu za Tilman.

Yapo mafundisho matatu ninayoomba tuyachukue. Kwanza, mchongaji, mshonaji wa mavazi ya liturujia na fundi wa mabenchi ya kanisa ni wahubiri. Kamati zetu za ujenzi ziwalipe kwa haki na kwa wakati, wala zisiwahesabu kuwa vibarua wa kujaza pembe. Pili, kuipenda Kanisa si kunyamaza mbele ya udhalimu. Tilman alimchongea Askofu kaburi, na bado alikataa kuwapeleka vijana wa mji wakawaue wakulima. Tatu, sisi tuliopewa daraja takatifu tujihoji. Fimbo ya mchungaji ikigeuka upanga, wanaoumia ni kondoo.

Bwana wetu alijifananisha na mzabibu, na Baba yake na mkulima anayepogoa tawi lizaalo ili lizidi kuzaa. Mkulima wa zabibu, awe wa Franken au wa Dodoma, anajua kwamba tawi lililokatwa hutoa machozi kabla ya kuchipua. Tilman alikatwa uzeeni, na tunda lake bado liko mezani petu. Makanisa ya Rothenburg na Creglingen leo ni ya ndugu zetu Walutheri, nao wamezitunza altare zake kwa heshima. Mbele ya Yuda yule mwenye mfuko, Mkatoliki na Mlutheri husimama pamoja, na kila mmoja hujihoji dhamiri yake.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie.